Plasta bado haijapigwa: nipitishe waya gani ili nyumba iwe janja?

SWALI: Injinia, habari za kazi. Ninajenga Kibada, Kigamboni, nyumba ya chini ya vyumba vinne. Nimeshaezeka, na wiki ijayo fundi umeme anataka kuanza kuchana kuta apitishe paipu. Ningependa baadaye niwashe taa kwa simu, taa za nje ziwake zenyewe jioni, na nikiwa safarini nijue nyumba ikoje. Fundi anasema nisiumize kichwa, swichi janja hufungwa hata baada ya kuhamia. Muuzaji mmoja naye ameniletea makadirio ya mfumo ambao nyaya za taa zote zinaenda kwenye kabati moja, ukutani zinabaki paneli za kugusa tu, na bei yake inakaribia ile niliyolipia bati. Mama yangu mzazi ataishi nasi. Nimsikilize nani? Na je, umeme au intaneti ikikatika, taa zitawaka?

JIBU: Dada, wote wawili wamekuambia nusu. Fundi anasema kweli kwamba vifaa vinaweza kusubiri, hata mwaka mzima baada ya kuhamia, na mimi ningekushauri visubiri. Asichokuambia ni kwamba upitishaji waya aliouzoea hauachi kwenye boksi la swichi kitu ambacho swichi janja inakihitaji ili ifanye kazi. Muuzaji naye ana hoja anaposema waya ni uamuzi wa sasa. Ila mfumo anaokuuzia unamfaa mtu mwenye mtaalamu wa mfumo huohuo anayepokea simu saa yoyote, na kwenye maelezo yako mtaalamu huyo simwoni.

Mimi huwa na swali moja ninalomuuliza kila mwenye nyumba: kifaa kikifa Ijumaa usiku, je, fundi yeyote wa mtaani kwako mwenye bisibisi na testa anaweza kukitoa, akaunganisha nyaya mbili, na taa ikawaka kwa swichi ya kawaida mpaka mpate kingine? Jibu likiwa hapana, mimi simo. Yote ninayokupendekezea hapa yamechujwa kwa swali hilo.

Tuanze na boksi la swichi, maana hapo ndipo watu hujuta.

Kwa desturi fundi hushusha nyaya mbili tu kwenye swichi ya taa: laivu inayotoka kwenye breka, na ile inayopanda kwenda kwenye taa. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, haishuki. Inapita juu ya siling bodi moja kwa moja hadi kwenye holda. Kwa swichi ya kawaida hapo hakuna kosa, kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunga waya mmoja. Swichi janja ina kompyuta ndogo na redio ndani yake, na hivyo viwili vinahitaji umeme saa 24, hata taa ikiwa imezimwa. Umeme nao lazima uwe na pa kuingilia na pa kutokea. Bila nyutro ndani ya boksi, pa kutokea hapapo.

Utakutana na swichi zinazouzwa kwa maneno kwamba hazihitaji nyutro. Hizo hupitisha umeme kidogo kupitia taa yenyewe, ili zijilishe. Enzi za balbu ya wati 60 hakuna aliyegundua, maana umeme huo mdogo haukutosha kuipasha. Balbu ya LED ya wati 5 ni nyepesi mno: inameta, au inabaki na mwanga hafifu usiku kucha ukiwa umeizima, au inawaka na kuzima yenyewe. Dawa yake ni kapasita ndogo inayofungwa sambamba na taa kule juu darini, yaani kiungo kingine cha kuharibika mahali ambapo hakuna mtu atakumbuka kwamba kipo. Mwenye nyumba iliyokwisha kupakwa rangi hana namna, na atavumilia. Wewe una tofali tupu mbele yako, usijiingize huko.

Kwa hiyo agizo la kwanza kwa fundi: kila boksi la swichi lishukiwe na nyutro. Jikoni, chooni, stoo, hata pale unapodhani hutaweka chochote. Ni waya mmoja zaidi wa milimita mraba 1.5 ndani ya paipu ileile, na kwa nyumba ya ukubwa wako ni roli moja au mbili za mita 100. Fundi akilalamika kwamba paipu inajaa, atumie ya milimita 20 au 25, asilete zile nyembamba.

Nyutro hiyo itoke kwenye mzunguko uleule, yaani njia ya umeme yenye breka yake, unaoleta laivu ya boksi hilo. Hili lisemee kwa sauti, kwa sababu fundi akiwa juu ya ngazi huokota nyutro yoyote iliyo karibu, ya soketi au ya chumba cha jirani, na taa inawaka vizuri tu. Matatizo huja baadaye. Kama mizunguko hiyo iko chini ya breka tofauti za uvujaji, zile zenye kitufe cha majaribio, breka itaruka kila taa inapowashwa, kwa sababu umeme umetoka kwake na kurudi kwa jirani. Baya zaidi, siku mtu amezima breka ya taa ili afanye kazi, nyutro ya kuazima inaweza kuwa bado na mzigo wa mzunguko mwingine, na ikimpiga atashangaa imetoka wapi. Boksi likikutanisha mizunguko miwili, kila mmoja uwe na nyutro yake na zisigusane.

Rangi nazo zisimamiwe. Mafundi wengi bado wanatumia nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Wengine wamehamia kwenye kahawia na bluu. Chagua mfumo mmoja nyumba nzima. Waya unaotoka kwenye swichi kupanda kwenye taa upewe rangi yake, tuseme njano au nyeupe, na kamwe usiwe bluu wala nyeusi, maana mtu atakayefungua boksi miaka mitano ijayo ataichukulia kuwa nyutro. Kijani yenye mstari wa njano ni ya ethi peke yake. Nimeona fundi aliyeishiwa waya akaitumia kama laivu. Huyo mtoe kazini siku hiyohiyo.

Boksi lenyewe: ukubwa wa kawaida kwetu ni inchi 3 kwa 3, lakini kina chake hutofautiana. Yapo ya milimita 16, 25, 35 na 47, na dukani usiposema utapewa fupi. Fupi linatosha swichi ya kawaida na nyaya zake mbili. Ukiongeza nyutro, viunganishi na kifaa chenyewe, hapaingii kitu, na fundi atalazimisha mpaka waya ubanwe. Agiza milimita 47 kila mahali. Tofali la inchi 6 linalimeza bila shida. Pale ambapo haiwezekani, usishuke chini ya 35. Na yawe ya plastiki, kwa kuwa boksi la chuma huziba mawimbi ya redio ya kifaa kilichofichwa ndani yake. Ukishakuwa umenunua ya chuma, basi kila moja lifungwe ethi.

Sasa tuje kwenye kifaa gani kitakaa humo. Njia ziko tatu, na nitakuambia wazi ninayoipenda.

Balbu janja ndiyo ya bei rahisi kuanza nayo, na ndiyo inayowachosha watu mapema zaidi. Inataka swichi ya ukutani ibaki imewashwa siku zote. Mama akizima ukutani, kama alivyozima taa maisha yake yote, balbu inakosa umeme na simu yako inaandika kwamba haipatikani. Tena nyingi zimetengenezwa ziwake umeme unaporudi. Umeme ukikatika saa tano usiku na kurudi saa tisa, nyumba nzima inang'aa na watoto wanaamka. Hilo hurekebishwa kwenye programu yake, ikiwa mtengenezaji aliweka nafasi ya kurekebisha. Iweke kwenye taa ya mezani au kando ya kitanda, inatosha.

Swichi janja ya kugusa inapendeza machoni na inafanya kazi, ila ikifa imekufa na uso wake. Miaka mitatu baadaye muundo ule haupo tena dukani, na sebule inabaki na swichi mbili za sura tofauti. Wazee wengi pia hawapendi kioo kisicho na mlio wala mbonyeo. Gizani wanapapasa ukuta na kuwasha tatu kwa mpigo.

Ninayoipenda ni rilei: kisanduku cha ukubwa wa kiberiti kinachokaa nyuma ya swichi ya kawaida, ndani ya lile boksi lenye kina. Swichi ya ukutani inabaki ileile ya kubonyeza. Mama anawasha anavyojua, wewe unawasha kwa simu, na rilei inafuata amri ya aliyebonyeza mwisho. Ikifa, fundi anaitoa, anaunga laivu na waya wa taa kwenye swichi, na maisha yanaendelea. Shelly ya Bulgaria na Sonoff ya China ndizo majina utakayoyasikia zaidi. Kabla ya kulipa uliza jambo moja: je, inaweza kuongozwa ndani ya nyumba bila kupitia seva ya mtengenezaji? Nitalirudia chini.

Tahadhari ya rilei ambayo wauzaji hawaisemi. Kwenye karatasi imeandikwa ampea 10 au 16, na wewe unahesabu kwamba taa zako 12 za LED hazifiki hata ampea moja. Hesabu ni sahihi, lakini draiva ya LED, yaani kisanduku kinachoilisha taa umeme unaoifaa, ile sekunde inapowashwa, huvuta umeme mwingi mno kwa muda mfupi sana. Draiva nyingi zikiwashwa pamoja, mguso wa rilei unachomeka taratibu mpaka siku moja unagandana, na taa haizimiki tena. Kwa hiyo kundi kubwa la taa za darini ligawanywe kwenye rilei mbili au tatu, au rilei iamrishe kontakta, yaani swichi nzito inayoendeshwa kwa umeme, ya kwenye ubao wa breka, nayo kontakta ndiyo iwashe taa. Hita ya maji usiipitishe kwenye kisanduku hiki kidogo hata kama muuzaji anaapa. Iwe na breka yake, waya wake wa milimita 4 na kontakta. Na feni ya darini isifungwe kwenye kifaa cha kupunguza mwanga wa taa. Mota yake itanguruma na kupata moto.

Kwenye korido, na pale unapotaka kuzima taa ya chumbani ukiwa kitandani, fundi apitishe tuwei, yaani swichi mbili za taa moja, kama kawaida, nyaya zake zote, halafu aongeze nyutro. Kuna watakaokuambia kwamba teknolojia imeondoa haja ya tuwei, kwamba swichi ya pili inaweza kuwa ya betri ya kubandika ukutani. Ni kweli, inawezekana. Lakini lipime kwa lile swali la Ijumaa usiku.

Sasa kabati la muuzaji. Kupeleka waya wa kila taa hadi mahali pamoja si ujinga. Huko Ulaya na Ghuba majumba mengi makubwa yamejengwa hivyo, mara nyingi kwa mfumo wa KNX. Swichi za mfumo huo hazikati umeme wa taa. Zinatuma ujumbe kwenye waya mwembamba wa volti 30 hivi za DC, na kifaa kilichoko kwenye kabati kinaupokea na kuwasha. Ni mfumo wa miongo kadhaa, watengenezaji ni wengi, hauhitaji intaneti wala redio, na kwa uimara sina la kuusema. Ugumu wake ni kwamba kila badiliko, hata kuhamisha swichi moja iongoze taa nyingine, linafanywa na mtu mwenye kompyuta, programu yake maalumu na faili la mradi wa nyumba yako. Mtu huyo akihama mji na faili lake, umekwama. Na kama alichokuletea muuzaji si KNX, bali ni mfumo wa kampuni moja tu isiyoongea na nyingine, basi ni vibaya zaidi. Mwulize jina la mfumo, na uulize watu wangapi hapa Dar, nje ya kampuni yake, wanaweza kuutengeneza. Jibu lake litakuonyesha pa kwenda.

Hata hivyo wazo la kabati ninalichukua nusu. Taa za nje zote, yaani za ukuta wa uzio, geti, veranda na za usalama, kila kundi lishushiwe waya wake hadi kwenye ubao wa breka, ambao mafundi huuita DB. Sebule vivyo hivyo. Hapo utaweza kuweka rilei za kubana kwenye reli ya DB, zilizo baridi, kavu, rahisi kufikiwa, na hakuna haja ya kulifukua boksi la getini mvua ikinyesha. Vyumba vya kulala, jiko na vyoo vibaki na waya wa kawaida wenye nyutro. Mwambie fundi anunue DB kubwa kuliko anayohitaji: kama breka zako ni 14, chukua ya nafasi 24 au 36. Nafasi tupu utazijaza.

Sebule inataka neno lake, kwa kuwa nina hakika utaweka jipsamu ya ngazi na taa za mkanda pembeni. Kila sebule mpya ya Dar inazo. Hapo mambo mawili hukosewa. La kwanza ni volti. Mkanda wa mita 5 wenye wati 14.4 kwa mita unakula wati 72. Ukiwa wa volti 12 hiyo ni ampea 6, na mwisho wa mkanda utaona mwanga umefifia. Ukiwa wa volti 24 ni ampea 3 tu, na tofauti haionekani kwa urahisi. Nunua wa 24. La pili ni draiva. Fundi wa jipsamu ataitupa juu ya dari na kuziba. Draiva ndiyo inayokufa kabla ya mkanda wenyewe, hasa kwenye joto la chini ya bati, na kuibadilisha utavunja jipsamu. Weka kijidirisha cha kufungulia, au ishushe kwenye kabati la televisheni na upitishe waya mnene kupanda.

Ukitaka kupunguza mwanga wa taa za sebuleni, na utataka, pitisha nyaya mbili za ziada za milimita 1.5 kutoka DB hadi kwenye kila kundi la taa za dari, uziache zimekunjwa na kufungwa. Kuna mfumo uitwao DALI unaotumia nyaya mbili hizo kuzipa amri hadi draiva 64, kila moja na anwani yake, na nyaya zake zinaruhusiwa kupita pamoja na za umeme mkubwa mradi ziwe na ngozi ya daraja hilohilo. Huenda usiutumie kamwe. Gharama ya kuziacha humo ni ndogo, na njia nyingine ya kupunguza mwanga, ya kukatakata umeme wa taa yenyewe, ni bahati nasibu: balbu hii inakubali, ile inaunguruma. Na rangi ya mwanga: kelvini 2700 hadi 3000 sebuleni na vyumbani, 4000 jikoni. Zile nyeupe za 6500 zinazojaa madukani ziache kwa maduka na bucha.

Redio na mtandao. Nyumba yako ni ya tofali za saruji, na kila ukuta unakula sehemu ya mawimbi. Ruta moja iliyowekwa kwenye kona ya sebule haitafika getini, wala haitafika vizuri chumba cha mwisho. Ruta nyingi za bei nafuu pia huanza kusuasua vifaa vinapovuka dazeni mbili au tatu. Kwa hiyo paipu ya mtandao ipite sasa, peke yake, isichangie na umeme: kutoka karibu na DB hadi dari ya korido, veranda ya mbele, nyuma ya televisheni, na kila pembe ya nje utakayoweka kamera. Zikikutana na paipu za umeme zivukane kwa pembe mraba, zisilale sambamba zikigusana. Ndani yake pitisha kebo ya Cat6. Inabeba data na umeme wa kamera kwa pamoja, mradi safari nzima isizidi mita 100. Iwe ya shaba tupu. Ikwangue kwa wembe: ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa, irudishe dukani. Kamera hizo ndizo zitakazokujibu swali la nyumba ikoje ukiwa safarini.

Kama bajeti haitoshi kebo, pitisha paipu tupu na uache kamba ya nailoni ndani. Paipu tupu yenye kamba ni bei ya soda, na siku ukipata pesa unavuta kebo bila kugusa ukuta.

Wi-Fi au Zigbee, redio nyingine ya vifaa janja? Kwa vifaa kumi, Wi-Fi inatosha. Ukifika thelathini, Zigbee hukaa vizuri zaidi, kwa sababu kila kifaa chake kilicho kwenye umeme humpokelea na kumpitishia jirani ujumbe, hivyo mtandao wake unaimarika kadiri unavyoongeza. Unahitaji habu, yaani kisanduku kinachoongea na vifaa vyote, na ukiweza iweke Zigbee kwenye chaneli 25, ambayo haigongani na chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi. Ukiona alama ya Matter kwenye boksi, ni kiwango kilichotolewa Oktoba 2022 ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane ndani ya nyumba. Ni alama nzuri, ila usilipie bei mara mbili kwa sababu yake.

Umeuliza kuhusu kukatika. Intaneti ikikatika, ukiwa umefuata mpango huu, swichi zote za ukutani zinafanya kazi kama kawaida. Rilei haiulizi mtu. Amri ya simu inategemea. Vifaa vingi vya bei nafuu hupeleka amri yako hadi seva ya ng'ambo ndipo irudi kwenye taa iliyo mita mbili kutoka ulipo. Bando likiisha, simu haina kazi. Vifaa vinavyokubali amri ya ndani vinaendelea. Mwenye kupenda kujishughulisha anaweza kuweka Home Assistant, programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta ndogo ndani ya nyumba, na ratiba zote zikaenda bila intaneti. Isiwe ya mwezi wa kwanza, hiyo.

Umeme wa TANESCO ukikatika, taa hazina ujanja, isipokuwa uwe na inveta. Hata kama hujainunua, jenga DB yenye pande mbili sasa: upande mmoja taa, ruta, habu, kamera na friji, upande wa pili kiyoyozi, hita, jiko na pampu. Kila upande uwe na baa yake ya nyutro. Hapa ndipo lile suala la nyutro ya kuazima linarudi kwa nguvu, kwani taa iliyoko upande wa inveta ikipewa nyutro ya upande wa pili, inveta itazima au kuungua.

Kumbuka pia kwamba vifaa hivi vinakula vikiwa vimelala. Rilei au swichi moja huvuta takriban nusu wati hadi wati moja. Thelathini ni wati 15 hadi 30 mchana na usiku, yaani uniti 11 hadi 22 za LUKU kwa mwezi. Kwenye betri ndogo ya volti 12, ampea-saa 100, ambayo ya asidi hushauriwi kuitumia zaidi ya nusu, wati 30 za kulala peke yake zinaimaliza nusu hiyo kwa saa 20 bila taa hata moja kuwaka. Ndiyo maana sikushauri kuweka akili kwenye taa ya stoo.

Kwenye DB usisahau breka ya uvujaji ya miliampea 30, kizuia mawimbi ya radi, na kile kifaa cha kukata umeme volti zinapopanda au kushuka kupita kiasi. Swichi ya chuma na plastiki ilivumilia umeme unaopanda na kushuka. Kompyuta ndogo thelathini hazitavumilia. Kizuia mawimbi ya radi bila ethi nzuri ni pambo, kwa hiyo fundi apime ethi mbele yako kabla hujamlipa. Na awe na leseni ya EWURA. Utaihitaji sahihi yake TANESCO hata hivyo.

Taa za nje ziwake zenyewe: hapa kwetu ni rahisi kuliko Ulaya, maana jua la Dar huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, mwaka mzima. Saa ya kwenye DB iliyowekwa saa kumi na mbili na nusu inakosea dakika chache tu, haihitaji intaneti, na inaendana na swali la Ijumaa usiku. Baadaye rilei ikichukua kazi hiyo kwa kufuata jua lenyewe, sawa. Taa zenyewe ziwe za daraja IP65, yaani zisizoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa, kwani chumvi ya upande wenu haina huruma na vifuniko vya bei nafuu. Kila kifaa cha nje kiwekwe hali ya "kumbuka ulivyokuwa" umeme unaporudi, ili uzio usibaki giza usiku wa manane. Cha ndani kiwekwe "baki umezima".

Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta, futi ikiwa imelazwa ukutani ili vipimo vionekane, na uandike kila paipu inaenda wapi. Kisha funga swichi za kawaida, hamia, na mkae miezi miwili mitatu. Ukianza kununua, nunua rilei za taa za nje na ya korido pekee. Ukiona unazitumia kweli, na mama hajalalamika, ongeza sebule.